Kitufe Kimoja, Redio Tatu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu ni moja: nimeunguza kifaa cha mtu. Sikukusudia, lakini kosa ni langu, na katika kutafuta nilikosea wapi nimejikuta nikisoma historia ambayo sikufundishwa chuoni. Leo nataka niwasimulie yote mawili, kosa na historia, kwa sababu naona ni kitu kimoja.

Kuna mzee mmoja Likoni ambaye ni mwanaredio wa ridhaa. Kwa wasiojua, redio ya ridhaa ni ile ya watu wanaopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzao duniani, si kwa biashara. Hapa Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Waingereza huwaita watu hawa "ham". Sisi tuna neno hamu, na kwa kweli hamu ndiyo inayowasukuma :-)

Mzee ana wenzake wawili, mmoja Changamwe na mwingine huku kwetu Kisauni. Wote watatu huunganisha redio zao na kompyuta, na programu inazungusha masafa badala ya mkono. Ombi lake kwangu lilionekana dogo. "Mwanangu, kila mmoja wetu ana vitufe vyake alivyojitengenezea. Tufanyie tuweze kupeana." Yaani kitufe akitengeneza wa Changamwe, wa Likoni akipate bila kukiandika upya. Nikasema hilo ni jambo la wikiendi moja. Vitufe ni maandishi tu. Unayahifadhi kwenye faili, unatuma faili, kazi imekwisha.

Kitufe cha kwanza kupeana kilitoka Changamwe na kiliitwa "Pima antena". Ndani yake mlikuwa na amri mbili: PC005, halafu TX, Ya kwanza inaiambia redio ishushe nguvu hadi wati 5. Ya pili inaiambia irushe. Ukirusha kwa wati 5 unaweza kupima antena bila kuumiza kitu. Nikavuka feri jioni, nikaweka faili kwenye kompyuta ya mzee, nikabonyeza.

Redio ya mzee ni ya kampuni ileile kama ya Changamwe, lakini ni ya zamani zaidi. Haijui amri ya PC. Ilijibu ?; ambayo kwa lugha yake ni "sikuelewi". Programu yangu haikusoma jibu lile. Ikatuma amri iliyofuata, na TX redio inaijua vizuri sana. Ikarusha kwa nguvu zake zote, wati 100, kwenye waya uliofungwa juu ya mnazi na ambao haujalinganishwa. Mzee aliruka kuzima umeme. Kufikia hapo kifaa chake cha kulinganisha antena kilikuwa kimeshatoa harufu mnayoijua nyote mliowahi kuunguza kitu.

Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Hicho kitufe, nani amekiruhusu kusema kwa jina langu?"

Nilirudi Kisauni nikilifikiria swali hilo njiani kote. Kinachorushwa na redio yake kinarushwa kwa leseni yake na kwa alama yake ya mwito. Mtu wa Changamwe alikuwa ameandika, mimi nimebonyeza, na mzee ndiye ambaye angeulizwa.

Mbiu na kengele

Watu wa pwani walikuwa na vitufe vya kupeana zamani kabla ya umeme. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: mpigaji hapigi maneno, anapiga pembe, na mji mzima unajua kwamba kuna tangazo na unatoka kusikiliza. Ujumbe haumo ndani ya pembe. Umo ndani ya makubaliano ya watu wanaoisikia. Mgeni aliyeshuka jahazini asubuhi ile anasikia sauti ileile, na asielewe kitu.

Mfano ulio karibu nami zaidi ni Kengeleni, hapa Kisauni, ambako matatu hupita kila dakika na wengi hatujiulizi jina limetoka wapi. Freretown ilianzishwa na wamishonari wa CMS katikati ya miaka ya 1870 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na ikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ilitundikwa pale kuwaonya wakazi kwamba washambuliaji wanaotafuta watumwa wanakuja. Pigo la kengele lilikuwa amri kamili, na aliyeisikia hakungoja maelezo.

Fikirieni kengele ile ingepelekwa kwenye kijiji kingine ambako kengele maana yake ni "njooni ibadani". Shaba ni ileile na mlio ni uleule. Lakini watu wangekusanyika mahali pamoja badala ya kutawanyika, na hilo ndilo jambo ambalo mvamizi angelitaka. Hiyo ndiyo "Pima antena" yangu.

Na msidhani haya yamepita. Makanga akigonga bodi ya matatu, dereva anajua kusimama au kuondoka kwa idadi ya mapigo. Hakuna aliyewaandikia. Lakini mpe dereva yule makanga mgeni anayehesabu vingine, muone abiria watakavyoshukia.

Bendera za Kilindini

Ukiwa kwenye feri ya Likoni unaona meli zikiingia Kilindini, na juu ya kamba zake kuna bendera za rangi. Zile ni vitufe pia. Bodi ya Biashara ya Uingereza ilitoa kitabu cha kwanza cha ishara hizo mwaka 1857, na toleo la kisasa la Kanuni ya Kimataifa ya Ishara lilianza kutumika mwaka 1969. Bendera moja inabeba sentensi nzima. G ni "nahitaji rubani". H ni "nina rubani chomboni". Q, ambayo ni ya manjano, ni "chombo changu ni salama kiafya, naomba ruhusa ya kuingia". B, ambayo ni nyekundu, ni "ninapakia, ninapakua au nimebeba shehena ya hatari", na meli za mafuta zinazoshusha kule Kipevu, upande wa Changamwe, ndizo zinazoihusu.

Mambo mawili yalinivutia hapa. La kwanza ni kwamba kitabu cha mwaka 1969 kiliandaliwa kwa lugha tisa, na Kiswahili hakimo. Hata hivyo rubani wa Mombasa anaisoma H sawasawa na nahodha Mgiriki, kwa sababu alama imetenganishwa na maneno. Bendera haibadiliki, maelezo yake unaweza kuyaandika kwa lugha yoyote. Mtu akiniuliza kama vitufe vya programu viandikwe Kiingereza au Kiswahili, jibu limo mle: alama moja kwa wote, maelezo kwa lugha ya anayebonyeza.

La pili linatisha kidogo. Zamani bendera ya manjano ilikuwa ishara ya meli iliyo karantini, yenye maradhi au inayoshukiwa. Leo Q inasema mimi ni mzima. Rangi ni ileile, maana imegeuka karibu kinyume. Mwenye kitabu cha zamani na mwenye kitabu kipya wakitazama mlingoti mmoja, mmoja anakimbia na mwingine anakaribisha. Kwa hiyo haitoshi kusema "tunatumia kitabu kimoja". Lazima useme ni toleo lipi. Redio ya Likoni na ya Changamwe ni za kampuni moja, matoleo mawili.

Waya wa mwaka 1890

Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, ikiwa sehemu ya njia ya kutoka Aden kwenda Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikatandaza kebo kutoka Unguja hadi Mombasa. Kumbukeni kwamba wakati huo neno simu lilikuwa la waya wa maandishi kabla halijawa la sauti. Kamusi za zamani zinaitafsiri hivyo, na redio ilipokuja watu wakaiita simu ya upepo.

Telegrafu ililipiwa kwa neno. Mfanyabiashara aliyetuma sentensi ndefu ng'ambo alilipa pesa nyingi, kwa hiyo vitabu vya misimbo vikawa biashara kubwa duniani. Kitabu cha ABC cha William Clauson-Thue kilitoka miaka ya 1870, na cha Bentley kikatoka mwaka 1906. Ndani yake kuna maelfu ya sentensi, kila moja na neno lake la siri: neno moja kwa "shehena imefika salama", jingine kwa "usiuze hadi nikuambie". Bentley alitumia maneno ya herufi tano, na kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu neno la hadi herufi kumi, watu waliunganisha mawili na kulipia moja. Sisi waandishi wa programu tunajiona wajanja kwa kubana data. Makarani walitutangulia.

Makro ni nini kama si hiyo? Neno fupi ndani, kazi ndefu nje. Na hasara yake ndiyo ileile pia. Mwaka 1887 huko Marekani mnunuzi wa sufu wa Philadelphia, Frank Primrose, alimtumia wakala wake simu ya misimbo. Neno moja lilikuwa "bay", ambalo kwenye kitabu chao lilimaanisha "nimenunua". Likafika "buy", yaani nunua. Kwa msimbo wa Morse, A ni nukta na mstari. U ni nukta, nukta na mstari. Nukta moja tu. Wakala akatii, akanunua sufu kwa wingi, na Primrose akadai amepata hasara ya zaidi ya dola 20,000. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1894 ikaamuliwa kwamba kampuni ya telegrafu haidaiwi zaidi ya ada ya simu ile: dola 1 na senti 15.

Kwa nini kosa lile halikuonekana? Kwa sababu "buy" nalo lilikuwa na maana kwa aliyelipokea. Lingefika neno lisilo na maana yoyote, wakala angeuliza. Amri mbaya inayokataliwa haina madhara. Amri mbaya inayoeleweka ndiyo ya kuogopwa. Redio ya mzee ilifanya kama inavyopaswa: ilikataa PC na kusema "sikuelewi". Karani aliyekuwa katikati, yaani programu yangu, ndiye aliyeziba masikio.

Kutoka QRZ hadi 5Z4

Redio ilipoingia kazini, meli za mataifa mengi zilijikuta hewani pamoja bila lugha moja. Waingereza walitunga misimbo ya Q yapata mwaka 1909 kwa ajili ya meli zao na vituo vya pwani, na mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1912 ukaikubali. Herufi tatu zinabeba swali au jibu: QTH ni mahali nilipo, QRM ni usumbufu wa vituo vingine, QSL ni nimepokea, QRZ ni nani ananiita. Ukiweka alama ya kuuliza mwishoni inakuwa swali. Wanaredio wa ridhaa waliichukua, na mpaka leo Mkenya na Mjapani wanaweza kuzungumza dakika tano bila kujua neno moja la lugha ya mwenzake. Ile 73 wanayoagana nayo, maana yake salamu njema, ni ya zamani zaidi. Asili yake ni orodha za namba za waendesha telegrafu wa Marekani wa karne ya 19.

Utambulisho nao uliingia kwenye kanuni. Enzi za ukoloni wanaredio wa Kenya walitumia alama zinazoanza na VQ4. Baada ya uhuru zikawa 5Z4, kwa sababu Kenya ilipewa 5Y na 5Z. Ukitaka kuona ndugu yake, simama Changamwe karibu na uwanja wa ndege wa Moi utazame ubavu wa ndege zetu: zimeandikwa 5Y. Kila anayerusha lazima aseme yeye ni nani. Hilo ndilo jibu la swali la mzee: kitufe kinachorusha kinasema kwa jina la mwenye alama, si la aliyekiandika.

Kuna mfano mmoja ambao naupenda kuliko yote, na Kenya imo ndani yake. Ni mradi wa minara ya redio wa NCDXF na IARU. Ratiba yake ina vituo 18 duniani na masafa matano: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 megahezi. Kila kituo kina sekunde 10 zake, halafu kinampisha mwingine, na mzunguko wote unaisha kwa dakika 3. Kenya ni ya 12, kwa alama 5Z4B, baada ya Afrika Kusini na kabla ya Israeli. Kituo kinatuma alama yake kwa Morse, halafu milio minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Ukiusikia wa nne, njia ya mawimbi kati yako na kituo hicho iko wazi kabisa.

Mmeona? Mashine inarusha, inashusha nguvu, inarusha tena. Ni kazi ya ukoo mmoja na kile kitufe kilichoniponyoka Likoni. Tofauti ni kwamba waliopanga ratiba ile waliandika nani, lini, masafa gani na nguvu kiasi gani, kisha wakajenga vifaa vinavyoelewa maneno hayohayo kila mahali.

Lugha nne za jambo moja

Miaka ya 1980 makampuni ya Japani yalianza kuweka kwenye redio zake tundu la kuunganisha kompyuta. Hakukuwa na mkutano wa London safari hii. Kila kampuni ilitunga kitabu chake, na wakati mwingine kila toleo la redio lilitunga chake. Tazameni jinsi ya kusema "nenda 14.100 megahezi", masafa yaleyale ya kwanza ya minara:

Kenwood TS-2000: FA00014100000;

Yaesu FT-950: FA14100000;

Yaesu FT-817: 01 41 00 00 01

Icom IC-7300: FE FE 94 E0 05 00 00 10 14 00 FD

Mbili za juu zinafanana kama "bay" na "buy". Zote zinaanza na FA, zote zinamaliza kwa nukta mkato, lakini moja inataka tarakimu 11 na nyingine 8. Yaesu wenyewe baadaye kwenye FT-991 walitaka 9. Ya tatu si maandishi bali baiti tano: nne za masafa, ya mwisho ni namba ya amri. Ya nne imeandika masafa kutoka nyuma kwenda mbele, jozi kwa jozi.

Icom walifanya jambo moja la busara. Ile 94 ni anwani ya redio na E0 ni anwani ya kompyuta. Amri inabeba jina la inayemwambia, kama barua yenye anwani juu ya bahasha. Redio yenye anwani nyingine inaipuuza. Kenwood nao wana amri ya kuuliza, ID. Na redio inajibu kwa namba yake: TS-2000 inajibu ID019. Na TS-590S inajibu ID021. Jibu lilikuwepo miaka yote hiyo. Mimi ndiye sikuuliza.

Mwaka 2000 Frank Singleton na Stephane Fillod walianzisha mradi wa programu huria uitwao Hamlib. Wazo lake ni la kitabu cha ABC kilichogeuzwa: programu inasema F 14100000 tu, na Hamlib inatafsiri kwa lugha ya redio iliyopo. Ina hata redio ya bandia, namba 1, ili mwandishi wa programu asiye na redio ajaribu kazi yake bila kuunguza chochote. Ndiyo, ilikuwepo. Ndiyo, ningeitumia kwanza. Lakini lazima niseme kweli: redio ya bandia inatii kila amri unayoipa, kwa hiyo isingenionyesha kosa langu. Kosa langu lilihitaji redio inayokataa.

Kisha kuna fldigi na flrig, programu huria zilizoanzishwa na Dave Freese, W1HKJ. Fldigi ina makro kwenye vitufe F1 hadi F12, na unaandika mle maneno kama <MYCALL> ambalo programu inalijaza kwa alama yako wewe. Makro zinahifadhiwa kwenye faili la .mdf na watu wanapeana. Angalieni ujanja wa <MYCALL>: kitufe kinasafiri kikiwa na nafasi tupu, na anayekipokea ndiye anayeijaza. Aliyekiandika hasemi kwa jina lako. Flrig nayo ina vitufe ambavyo mtumiaji anaviwekea amri ghafi za redio yake, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu amri ghafi haina nafasi tupu. Ni kitabu cha redio moja kilichofungwa kwenye bahasha isiyo na anwani.

Kuna hatari nyingine pia. Fldigi ina neno <EXEC>, linaloendesha programu nyingine kwenye kompyuta. Ni zuri kwa kazi zako mwenyewe. Likija ndani ya faili la mtu usiyemjua, aliyekuletea kitufe amekuletea mkono wake ndani ya kompyuta yako.

Nilichobadilisha

Historia yote hiyo ilinifundisha jambo moja: kinachopeanwa si kitufe, ni makubaliano. Ukituma kitufe bila kitabu chake umetuma kengele bila kijiji. Kwa hiyo nimeandika upya sehemu ile ya programu kwa kanuni hizi:

1. Kila kitufe kina maelezo kwa Kiswahili cha kawaida, mbali na amri: kinafanya nini, kwa nguvu kiasi gani, kinaacha redio katika hali gani.

2. Kila kitufe kina anwani, yaani namba ya redio ambayo kimejaribiwa nayo. Programu inauliza ID, kwanza. Namba zisipolingana, kitufe kinakuwa kijivu na hakibonyezeki.

3. Amri moja ikikataliwa, zilizobaki hazitumwi. Hili lilinichukua mistari sita ya kodi. Mistari sita hiyo ingeokoa kifaa cha mzee.

4. Kitufe chochote kinachorusha kina rangi nyekundu, kama bendera B, na mara ya kwanza kinauliza mwenye leseni akubali.

5. Kitufe cha kupeana hakiendeshi programu nyingine. Hakuna kuomba wala kusihi.

Kuna rafiki yangu mwandishi wa programu aliyeniambia nimezidisha. Watu watatu wanaojuana, alisema, wanahitaji sheria zote hizo za nini? Nilimjibu kwamba waliounguza kifaa walikuwa haohao watu watatu wanaojuana. Na ana haki katika jambo moja: kanuni ya pili inaudhi. Kitufe kizuri cha Changamwe ambacho kingefanya kazi Kisauni bila shida nacho kinakuwa kijivu mpaka mtu akijaribu na kuongeza namba ya redio yake. Ni kazi ya mkono. Lakini waliotunga kitabu cha bendera nao walifanya kazi ya mkono, herufi kwa herufi, lugha tisa.

Jumamosi iliyopita nilivuka tena na kifaa kingine cha kulinganisha antena begani, kilichonunuliwa kwa pesa yangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umekuja na moto tena?" Tukafunga kifaa, nikaweka toleo jipya, nikamwomba abonyeze mwenyewe "Pima antena". Kitufe kilikuwa kijivu, na chini yake maneno: "Redio hii haijui kushusha nguvu kwa amri. Ishushe kwa mkono."

Alisoma mara mbili. Kisha akaniambia maneno hayo hayatoshi, kwa sababu mtu anaweza kuishusha kwa mkono halafu asahau kuipandisha, akaita dunia nzima kwa wati 5 akidhani hakuna anayemsikia. Akataka niongeze sentensi: "Na ukimaliza, irudishe." Nimeiongeza. Ni sentensi yake, na kwenye faili nimeandika kwamba imetoka Likoni.

Haya, kwa leo ni hayo. Wenye redio na vitufe vyao, viandikieni maelezo kabla hamjanitumia. Na wewe unayeandika programu ya kutuma amri kwa kifaa chochote, kiwe redio, pampu ya maji au taa ya barabarani: soma jibu. Kifaa kikisema "sikuelewi", nyamaza kwanza.